Hukumu ya Google Haikuiokoa Firefox, Imeiongezea Muda

Septemba 2, 2025, Jaji Amit Mehta wa mahakama ya shirikisho jijini Washington alitoa uamuzi ambao watu wa programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote, walikuwa wakiusubiri roho mkononi. Mwaka mmoja kabla, Agosti 2024, jaji huyohuyo alikuwa ameamua kwamba Google imehodhi soko la utafutaji mtandaoni kinyume cha sheria. Lililobaki lilikuwa ni hatua gani zichukuliwe. Serikali ya Marekani ilitaka mambo mawili mazito: Google iuze kivinjari chake cha Chrome, na ikatazwe kabisa kuwalipa wengine ili huduma yake ya utafutaji iwe chaguo-msingi kwenye simu na vivinjari vyao. Jaji aliyakataa yote mawili. Google imebaki na Chrome, na inaweza kuendelea kulipa, mradi mikataba yake isiwafungie washindani mlango. Kwa Mozilla, wenye kivinjari huria cha Firefox, uamuzi huo ulikuwa nafuu kubwa, na habari ikasambaa hivyo: Firefox imeokolewa.

Naona habari hiyo imeeleweka vibaya. Kilichookolewa ni mkataba. Firefox yenyewe imeachwa palepale ilipokuwa, ikiishi kwa fedha za mshindani wake mkubwa, na masharti mapya yanaufanya utegemezi huo kuwa wa mashaka zaidi, kwa sababu mahakama baadaye iliweka wazi kwamba mikataba ya chaguo-msingi isizidi mwaka mmoja. Hoja yangu ni hii: tatizo la kugharamia vivinjari huria haliwezi kutatuliwa kwa kutafuta mteja mwingine wa kununua nafasi ya utafutaji, wala kwa kubuni bidhaa mpya kila mwaka. Litatatuliwa pale ambapo injini ya kivinjari, yaani ile sehemu ya ndani inayosoma msimbo wa tovuti na kuugeuza kuwa ukurasa unaoonekana, itakapotengewa mfuko wake yenyewe, unaochangiwa na wengi na usioguswa kwa kazi nyingine.

Ili kuona tulivyofika hapa, turudi nyuma kidogo. Katikati ya miaka ya 1990 kivinjari kilikuwa bidhaa ya kuuzwa. Netscape waliuza Navigator, na Opera ya Norway iliendelea kuuza chake hadi 2005, ilipoachana na malipo na matangazo yaliyokuwa yakionekana juu ya dirisha. Aliyeua biashara hiyo ni Microsoft, aliyeifungasha Internet Explorer ndani ya Windows bila malipo. Netscape waliposhindwa, mwaka 1998 waliufungua msimbo wao kwa umma, na hapo ndipo mradi wa Mozilla ulipozaliwa. Julai 2003, AOL, waliokuwa wameinunua Netscape, waliuachia mradi huo ujitegemee kama wakfu usio wa faida, na wakaupa dola milioni 2 za kuanzia. Firefox 1.0 ilitoka Novemba 9, 2004. Wakati huo hakuna aliyejua fedha za kudumu zingetoka wapi. Zilitoka mahali ambapo hata waasisi hawakupategemea sana: kisanduku kidogo cha kutafutia kilichokuwa pembeni ya upau wa anwani.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi kuuelewa. Mtu anafungua Firefox, anaandika "tiketi ya ndege kwenda Frankfurt" kwenye upau wa juu, na bila yeye kuchagua chochote, maneno yale yanapelekwa Google. Google inarudisha majibu na matangazo. Mtu akibofya tangazo, mwenye tangazo anailipa Google, na Google inaigawia Mozilla sehemu ya fedha kwa sababu ndiyo iliyomleta mteja. Zidisha kitendo hicho kwa mamilioni ya watu kila siku. Katika kesi ya Google ilibainika kwamba mwaka 2021 peke yake Google ililipa dola bilioni 26.3 kwa ajili ya nafasi za namna hii kwa kampuni mbalimbali, na kwamba Apple ilipokea kama dola bilioni 20 mwaka 2022. Mozilla wanapata sehemu ndogo ya hesabu hiyo, lakini kwao ndiyo kila kitu. Mei 2025 mkurugenzi wao wa fedha, Eric Muhlheim, aliieleza mahakama kwamba Firefox huingiza karibu asilimia 90 ya mapato ya kampuni, na asilimia 85 hivi ya fedha hizo hutoka Google. Ukizidisha, ni zaidi ya robo tatu ya kila kinachoingia, katika shirika ambalo mapato yake ya mwaka 2023 yalikuwa dola milioni 653.

Mfumo huu una jambo ambalo sisi wa huku tunapaswa kulitazama kwa makini. Bei ya tangazo hutegemea uwezo wa anayebofya kununua. Mtu wa Ohio anayetafuta bima ya gari ana thamani kubwa mno kwa mwenye tangazo. Mtu wa Morogoro anayetafuta bei ya mahindi thamani yake katika soko hilo ni ndogo sana, hata kama anatumia Firefox saa nyingi zaidi. Novemba 2014, Mozilla walipoachana na Google kwa muda na kutangaza washirika wapya, masoko yaliyotajwa yalikuwa Marekani kwa Yahoo, Urusi kwa Yandex na China kwa Baidu. Afrika haikuwamo, na kibiashara hakukuwa na sababu ya kuwamo. Simtuhumu mtu kwa nia mbaya. Nasema tu kwamba kivinjari kinacholipwa kwa mibofyo ya matangazo kitakuwa na sababu kubwa ya kumsikiliza mtumiaji wa nchi tajiri kwanza, awe nani aliyeko kwenye usukani.

Mkataba huo wa Yahoo unastahili kuangaliwa zaidi, maana ndio jaribio halisi la wazo kwamba ukiwa na wanunuzi wengi wa nafasi ya utafutaji unakuwa huru. Yahoo waliahidi dola milioni 375 kwa mwaka kwa miaka mitano. Kwa fedha, ulikuwa mkataba mzuri. Kwa watumiaji, ulikuwa wa hasara: wengi waliirudisha Google wenyewe kwenye mipangilio, na Mitchell Baker, aliyekuwa kiongozi wa Mozilla, alikuja kuueleza katika ushahidi wake kama mkataba ulioshindwa. Mwaka 2017 Yahoo iliponunuliwa na Verizon, Mozilla walitumia kipengele cha mkataba kujitoa na Novemba mwaka huo wakarudi Google. Muhlheim naye aliieleza mahakama kwamba majaribio ya kuwahamishia baadhi ya watumiaji kwenye Bing, huduma ya utafutaji ya Microsoft, yalionyesha kuwa mapato yangeshuka. Soko la nafasi ya utafutaji, kwa hiyo, lina wanunuzi wengi kwa majina, na mmoja tu anayeweza kulipa bei ya kuendesha injini nzima. Jaji Mehta alilijua hilo. Ndiyo maana alisema kuzuia malipo kungewaumiza wale wanaoyapokea. Aliwahurumia wapokeaji, na hakuwa na wajibu wa kuwaonyesha njia ya kutoka.

Kwa nini injini ni ghali hivyo? Kwa sababu haimaliziki. Kila mwezi viwango vya wavuti vinaongezeka, kila wiki mashimo ya usalama yanagunduliwa, na injini isiyozibwa mashimo yake inageuka mlango wa wezi. Mfano tunao hapahapa. Mwaka 2019 Vodacom Tanzania walitoa simu ya bei nafuu iitwayo Smart Kitochi, simu ya vitufe yenye intaneti, ikitumia mfumo wa KaiOS. KaiOS ulitokana na Firefox OS, mradi wa simu ambao Mozilla waliuanzisha 2013 na kuuacha baada ya miaka michache. Toleo la KaiOS lililoenea kwenye simu za namna hiyo lilijengwa juu ya injini ya Firefox 48, iliyotoka Agosti 2016. Maana yake, mama aliyenunua Kitochi yake dukani Dodoma, simu mpya kabisa ndani ya boksi, alipewa injini ya miaka mitatu nyuma, na tovuti zilizoandikwa kwa mbinu mpya zikawa zinamkatalia au zinajikunja vibaya kwenye kioo. Msimbo ulikuwa huria, mtu yeyote angeweza kuuhuisha. Hakuuhuisha mtu hadi Machi 2020, Mozilla na KaiOS walipotangaza ushirikiano wa kufanya kazi hiyo. Msimbo huria usio na mshahara nyuma yake huzeeka kama msimbo mwingine wowote.

Hapo ndipo inapoanguka hoja iliyo dhaifu kuliko zote katika mjadala huu, nayo ndiyo ninayoisikia mara nyingi: kwamba Firefox ikikosa fedha, wanajamii watauchukua msimbo na kuuendeleza kwa kujitolea. Historia ya karibuni inajibu vizuri. Agosti 2020 Mozilla walipunguza wafanyakazi wapatao 250, na kikosi cha Servo, injini mpya iliyokuwa ikiandikwa kwa lugha ya Rust, kikaondoka chote. Mradi ulihamishiwa Linux Foundation, shirika linalolea miradi huria, msimbo ukiwa wazi, jina likiwa kubwa, na dunia nzima ya wapenzi wa Rust ikiutazama. Kwa miaka miwili kazi ilidorora karibu kusimama. Ilichangamka upya mwaka 2023, kampuni ya Igalia ilipopata ufadhili kutoka nje na kuwaweka wahandisi wake kazini. Walikuwa na kila kitu isipokuwa mishahara, na mishahara iliporudi, injini ilirudi. Hata KHTML, injini iliyoanzishwa na wanajamii wa KDE na ambayo ndiyo mizizi ya Safari na Chrome za leo, ilifika hapo ilipofika kwa sababu Apple iliichukua na kuilipia kuanzia miaka ya 2000 mwanzoni, kisha Google ikaja na fedha zake. Wanaojitolea wanaweza kuwasha injini. Kuiendesha kwa miongo miwili, siku ya sikukuu shimo la usalama likitangazwa, ni kazi ya watu wanaolipwa.

Hoja nzito zaidi inatoka upande mwingine, na inastahili kujibiwa kwa heshima. Inasema: kwa nini tuhangaike na injini ya pili au ya tatu? Chromium, msimbo ambao Chrome imejengwa juu yake, ni huria. Vivinjari vya Edge, Opera, Brave na Vivaldi navyo vimejengwa juu yake. Google inalipia sehemu kubwa ya kazi, wengine wananufaika, na kampuni ndogo inaweza kutoa kivinjari chake bila kuajiri mamia ya wahandisi. Januari 2025 Linux Foundation ilianzisha hata mfuko wa kuwaunga mkono wanaotegemea Chromium, ukiwa na Google, Meta, Microsoft na Opera ndani yake. Kwa nchi zetu, ambako data ni ghali na simu ni za uwezo mdogo, injini moja nzuri inayofanya kazi kila mahali inaonekana kuwa na faida kuliko tatu zinazovutana.

Nakubali nusu ya hoja hiyo. Chromium ni kazi nzuri ya uhandisi na viraka vyake vya usalama hutoka haraka. Lakini Google yenyewe ilieleza kwamba mwaka 2024 karibu asilimia 94 ya mabadiliko yaliyoingizwa Chromium yalitoka kwake, na mwenye asilimia 94 ya kazi ndiye mwenye maamuzi. Tumeshaona inavyokuwa. Google ilipobadili kanuni za viongezo vya Chrome, yaani programu ndogo zinazokiongezea kivinjari uwezo, kwa mfumo uitwao Manifest V3, kizuia-matangazo mashuhuri cha uBlock Origin kilipoteza nguvu zake za asili, na kufikia 2025 kilikuwa kinazimwa kwenye Chrome za watu. Vivinjari vilivyojengwa juu ya Chromium vilijikuta vikihangaika kuubakiza mfumo wa zamani kwa gharama zao, vikijua kwamba msimbo wake unaondolewa chini ya miguu yao. Firefox, yenye injini yake iitwayo Gecko, iliamua tu kubaki na mfumo wa zamani na wa mpya kwa pamoja. Uamuzi huo uliwezekana kwa sababu Gecko ipo, na Gecko ipo kwa sababu kuna anayeilipia. Kampuni ya matangazo ikiwa ndiyo pekee inayoamua kivinjari kiruhusu nini dhidi ya matangazo, uhuria wa msimbo unamsaidia mtumiaji kidogo sana.

Tuje kwa wale wanaosema dawa ni kuongeza vyanzo vya mapato. Mozilla wamejaribu kwa bidii. Wameuza huduma ya VPN, waliinunua Pocket, huduma ya kuhifadhi makala za kusoma baadaye, na kuifunga Julai 2025, wamenunua kampuni ya matangazo ya Anonym mwaka 2024. Sina neno baya kwa juhudi hizo, ila naona zina gharama isiyoonekana kwenye vitabu: kila bidhaa mpya inawavuta wahandisi na viongozi mbali na kivinjari. Wengine waliotafuta fedha kwingine walifika mahali pagumu zaidi. Brave ilichangisha dola milioni 35 kwa sarafu yake ya kidijitali mwaka 2017, zikaisha kununuliwa ndani ya sekunde 30, na mwaka 2020 ikagundulika kwamba kivinjari kilikuwa kinajaza kiungo chake cha kamisheni mtu alipoandika anwani ya soko la sarafu. Waliomba radhi na kurekebisha. Opera ni mfano ulio karibu nasi zaidi, ingawa msimbo wake si huria. Opera Mini iliwafungulia intaneti watu wengi wa Kenya na Tanzania enzi za simu ndogo, kwa sababu ilibana kurasa na kuokoa vocha. Baada ya kununuliwa na wawekezaji wa China mwaka 2016, kampuni hiyo iliingia kwenye mikopo ya simu, na Kenya ikapata programu ya OKash mwaka 2018. Januari 2020 kampuni ya uchunguzi ya Hindenburg Research ilichapisha ripoti iliyoituhumu Opera kwa mikopo ya muda mfupi yenye riba kubwa, tuhuma ambazo Opera ilizikana. Vyovyote ukweli ulivyo kati yao, mtu anapaswa kujiuliza kivinjari kilifikaje kwenye biashara ya kumkopesha mwendesha bodaboda. Kilifika huko kwa sababu kivinjari chenyewe hakiuziki.

Na hakiuziki kweli. Perplexity, kampuni ya akili bandia, walipoleta kivinjari chao cha Comet Julai 2025, kilikuwa cha wateja wanaolipa dola 200 kwa mwezi. Oktoba mwaka huohuo kilikuwa cha bure kwa kila mtu. Wanaodhani wimbi la akili bandia litawarudishia vivinjari bei wameona jibu ndani ya miezi mitatu. Kampuni hizi zinagawa kivinjari kwa sababu zinataka mlango wa kuingilia kwa mtumiaji, kama Microsoft ya 1995 na Google ya 2008. Kivinjari huria hakina kitu kingine cha kuuza nyuma ya mlango huo, na hakipaswi kuwa nacho.

Inabaki michango, na hapa kuna jambo ambalo wasomaji wengi hawalijui. Ukichangia Mozilla leo, fedha yako haiendi Firefox. Inaenda kwa Wakfu wa Mozilla, unaofanya kampeni, utafiti na ruzuku. Firefox inatengenezwa na kampuni tanzu ya wakfu huo, iliyoundwa 2005 na inayolipa kodi kama kampuni nyingine. Mtu anayekipenda kivinjari hicho hana mahali pa kutuma shilingi yake ili imlipe mhandisi wa Gecko. Si kwamba wakfu haufanyi mema. Mwaka 2021 mradi wake wa Common Voice ulipata dola milioni 3.4 kutoka kwa Gates Foundation na mashirika ya misaada ya Ujerumani na Uingereza ili kukusanya sauti za Kiswahili, na leo kuna hazina ya sauti zetu inayotumika bure duniani. Ni kazi ninayoijali sana. Lakini angalia wafadhili walilipia nini: mradi wenye mwanzo, mwisho na picha za uzinduzi. Sijaona mfadhili wa namna hiyo akijitokeza kulipia kuziba mashimo ya kumbukumbu kwenye injini, mwaka baada ya mwaka.

Wanaodharau michango wanasema ni midogo mno. Tuwapigie hesabu. Thunderbird, programu ya barua pepe iliyokuwa karibu kufa mikononi mwa Mozilla, ilianza kuomba michango waziwazi ndani ya programu yenyewe, na mwaka 2022 ilipata dola milioni 6.4 kutoka kwa watu zaidi ya 300,000. Mwaka uliofuata zikawa milioni 8.6. Wastani wa 2022 ni kama dola 21 kwa mtu. Mozilla hutumia kwa uundaji wa programu kiasi cha dola milioni 200 kwa mwaka au zaidi. Ili kuzipata zote kwa wastani huo, unahitaji wachangiaji milioni tisa na nusu, katika watumiaji wa Firefox ya kompyuta ambao ni kati ya milioni 150 na 200. Ni mmoja kati ya kumi na sita hadi ishirini na mmoja. Hilo haliwezekani kwa mpigo, na anayesema michango peke yake itaiendesha Mozilla ya leo anajidanganya. Hata hivyo Wikimedia Foundation, wenye Wikipedia, hukusanya zaidi ya dola milioni 180 kwa mwaka, nyingi zikiwa michango midogo ya mamilioni ya watu, kwa huduma ambayo nayo ni ya bure. Kwa hiyo kikomo cha michango kiko juu kuliko tunavyoambiwa, na Mozilla hawajawahi kukijaribu.

Wikimedia walifanya mambo mawili mengine yanayofaa kuigwa. Mwaka 2016 walianzisha mfuko wa kudumu, ambao mtaji wake hauliwi, na mwaka 2021 ukafikia dola milioni 100. Kisha wakaanza kuwatoza watumiaji wakubwa: Google ilikuwa miongoni mwa wateja wa kwanza wa huduma yao ya Enterprise mwaka 2022. Watu wa Mombasa, Lamu na Unguja hawahitaji kufundishwa wazo la kwanza. Msikiti unawekewa nyumba au duka la wakfu, kodi yake inatengeneza paa na kulipa maji, na vizazi vya waumini vinapita bila kupitisha kofia kila bati linapovuja. Nyumba ya wakfu haiuzwi hata mwaka wa njaa.

Mozilla wana mali ya kuanzia. Akiba na uwekezaji wao vimezidi dola bilioni 1, vilivyokusanywa kutokana na miaka ya mikataba minono. Kama bilioni moja ya hiyo ingefungwa kisheria kuwa wakfu wa injini, na kila mwaka ikatolewa asilimia 4 tu, hizo ni dola milioni 40. Ongeza wachangiaji milioni moja wa dola 21, ambao hawafiki hata asilimia moja ya watumiaji, unapata milioni 61. Tukikadiria kwamba mhandisi mmoja na kila kinachomhusu hugharimu dola 250,000 kwa mwaka, fedha hizo zinalipa watu 240. Hawatoshi kuiendesha Mozilla kama ilivyo sasa, yenye bidhaa nyingi na matawi mengi. Kwa injini ni kikosi cha maana sana. Ladybird, kivinjari kinachoandikwa upya kuanzia sifuri chini ya Andreas Kling, kilianzishwa kama shirika lisilo la faida Julai 2024 kwa ahadi ya dola milioni 1 kutoka kwa familia ya Chris Wanstrath, mmoja wa waasisi wa GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, na wahandisi wake hawakufika kumi. Wamekataa katakata mikataba ya utafutaji, wanapokea michango na udhamini usio na masharti, na wamejipangia kutoa toleo la majaribio mwaka 2026. Sitarajii Ladybird ichukue nafasi ya Firefox karibuni. Lakini inaonyesha watu wachache wanaolipwa kwa kazi moja tu wanaweza kufika umbali gani.

Kuna pingamizi moja ambalo sina jibu kamili kwake. Mozilla wakiifunga akiba yao kwa ajili ya Gecko, watapoteza mto wa kulalia siku mapato ya Google yakishuka ghafla, na huenda wakalazimika kupunguza watu haraka kuliko kama fedha zingekuwa huru. Ni hatari ya kweli kwa wafanyakazi wenye familia. Ninachoweza kusema ni kwamba akiba isiyo na kazi maalumu haijawalinda: mwaka 2020 ilikuwapo, na Servo ikakatwa. Panga la kupunguza gharama likishuka, huanza na kazi ambayo matunda yake yako mbali, na injini siku zote matunda yake yako mbali.

Serikali nazo zina sehemu yao. Ujerumani ilianzisha Sovereign Tech Fund mwaka 2022 kwa hoja kwamba programu huria za msingi ni miundombinu kama reli, na mwaka 2023 mfuko huo uliupa mradi wa GNOME, unaotengeneza mandhari ya kompyuta za Linux, euro milioni 1. Kwetu Afrika Mashariki hoja hii ina uzito wa pekee. Kenya imehamishia maelfu ya huduma za serikali kwenye eCitizen. Tanzania inafanya vivyo hivyo kwa leseni, kodi na ada. Raia anazifikia huduma hizo kupitia kivinjari. Mimi mwenyewe nimewahi kukutana na lango la huduma lililonikatalia kuingia kwa Firefox, likaniandikia nitumie Chrome, na fomu ileile ikafunguka mara moja nilipobadili. Serikali zetu hazina haja ya kuchangia mamilioni. Zinaweza kuandika katika kila zabuni ya tovuti kwamba kazi haitapokelewa hadi ijaribiwe kwenye injini angalau mbili. Hilo halina gharama ya kusumbua bajeti, na linaongeza thamani ya kila dola ambayo wengine wanaiweka kwenye Gecko, Servo au Ladybird, kwa sababu injini ambayo tovuti hazikujaribiwa nayo hufa hata ikiwa na fedha.

Chini ya masharti mapya, Mozilla watalazimika kukaa mezani na Google kila mwaka. Wakiingia chumba hicho na mshahara wa kila mhandisi wa Gecko ukitegemea saini ya upande wa pili, watasaini bei yoyote watakayopewa, na sharti lolote litakaloambatana nayo. Wakiingia huku wakfu wa injini umeshafungwa kisheria na kitufe cha kuchangia Gecko kiko ndani ya Firefox yenyewe, wataweza kuukataa mkataba mbaya na Jumatatu inayofuata wahandisi wa injini bado wakawa kazini. Bodi ya Mozilla haihitaji ruhusa ya Jaji Mehta kuyafanya yote mawili. Mikataba ya mwaka mmoja imeshaanza kuhesabu.